Faradhi ya Mji Mzima: Dhima ya Raia na Amana ya Kiongozi Katika Zama za Fitina

Miongoni mwa mambo ambayo wazee wa Unguja na Pemba huyasimulia juu ya miaka ile waiitayo zama za siasa, yaani tangu uchaguzi wa kwanza wa mwaka 1957 hadi Mwingereza alipofunga virago mwishoni mwa mwaka 1963, hakuna ambalo hulieleza kwa haya kubwa kuliko habari ya maziko. Mtu alifiwa, naye jirani aliyekuwa akichota maji naye katika kisima kimoja, na kuswali naye katika safu moja kwa miaka mingi, hakwenda kuzika, kwa sababu marehemu alikuwa mtu wa chama kile na yeye ni mtu wa chama hiki. Maduka yalisusiwa, mabasi yakasusiwa, ndoa zikavunjika kwa kadi za uanachama. Na baada ya uchaguzi wa mwaka 1995 mambo yaleyale yakarudi Pemba, kana kwamba yaliwekwa sandukuni yakingoja mwenyewe aje ayachukue.

Naanza na maziko kwa makusudi. Katika dini ya watu wa visiwa hivi, kumzika maiti ni faradhi ya kifaya, nayo ni tofauti na faradhi ya aini ambayo kila mtu hudaiwa nafsi yake, kama vile sala tano. Faradhi ya kifaya huwa juu ya mji mzima: wakitokea watu wa kutosha wakaitekeleza, waliobaki husalimika, wakiiacha wote, dhambi huandikiwa wote, mkubwa na mdogo, aliyejua akanyamaza na aliyekuwa na uwezo akajitia kazi nyingine. Mimi naona kwamba kuilinda nchi isiangukie fitina ni wajibu wa namna hiyohiyo, na kwamba makosa mengi tuyafanyayo katika kulifikiri jambo hili hutokana na kuuchukua wajibu huo kuwa ni wa mtu fulani tu.

Ukiwauliza watu waliokumbwa na machafuko ni nani mwenye dhima, wengi watakujibu kwamba ni viongozi, maana ndio waliopanda majukwaani na kuwasha moto. Ukiwauliza wenye mamlaka, watakujibu kwamba ni raia, maana wao ndio wasiotii sheria. Kila jibu kati ya haya lina sehemu ya haki ndani yake, na kila moja humpa msemaji wake raha ya kujivua lawama. Lakini historia ya Zanzibar, ambayo ni fupi kwa miaka na ndefu kwa masaibu, yatufundisha jambo ambalo majibu hayo mawili hayaligusi: mtihani mkubwa wa kiongozi si mbele ya hasimu wake, bali ni mbele ya wafuasi wake mwenyewe, siku atakapolazimika kuwaambia neno wasilotaka kulisikia, na mtihani mkubwa wa raia ni siku hiyohiyo, atakapoamua kumwachia kiongozi wake nafasi ya kupatana au kumfungia mlango kwa makelele.

Mtu asidhani kwamba ugomvi wa zama za siasa ulikuwa wa bure. Walikuwako wakulima wasio na ardhi, waliozoea kulima muhogo na ndizi chini ya mikarafuu ya wenye mashamba kwa ada ya miaka mingi, ambao baada ya uchaguzi wa mwaka 1957 walianza kufukuzwa kwa sababu kura zao zilikwenda kwa chama cha Afro-Shirazi. Walikuwako pia watu wa Hizbu, yaani Zanzibar Nationalist Party, walioamini kwa moyo safi kwamba wao ndio waliotangulia kudai uhuru na kwamba utaifa wao hauna rangi. Magazeti, Mwongozi upande mmoja na Afrika Kwetu upande wa pili, yalikuwa yamekwisha kuwazoesha wasomaji wao kuitazama nasaba ya mtu kabla ya hoja yake. Dhuluma zilikuwako, kumbukumbu ya utumwa ilikuwako, na hofu ya kumezwa ilikuwako. Kilichokosekana ni mtu wa kuwaambia watu wa upande wake kwamba hofu ya upande wa pili ni ya kweli.

Kisha zikaja hesabu, nazo hesabu hazina huruma. Katika uchaguzi wa Januari 1961 viligombewa viti 22: Afro-Shirazi ikapata 10, Hizbu ikapata 9, na ZPPP, chama cha Washirazi kilichojitenga na Afro-Shirazi mwishoni mwa mwaka 1959, kikapata 3, na hao watatu wakagawanyika, wawili kwa Hizbu na mmoja kwa Afro-Shirazi, hata kila upande ukawa na 11. Likaongezwa jimbo moja, uchaguzi ukarudiwa Juni mwaka huohuo, na siku ya kura fujo zikazuka mjini zikamwagika mashamba. Watu 68 wakauawa, walio wengi wao wakiwa Waarabu, na mamia wakajeruhiwa. Ilikuwa ni onyo lisilohitaji mfasiri. Hata hivyo, Julai 1963, ulipofanywa uchaguzi wa mwisho kabla ya uhuru, Afro-Shirazi ilipata zaidi ya asilimia 54 ya kura zote lakini ikatoka na viti 13 tu kati ya 31, na muungano wa Hizbu na ZPPP ukaunda serikali chini ya Mohammed Shamte.

Hapa napenda tusimame kidogo, maana ndipo penye kiini cha mambo. Serikali ile ilikuwa halali kwa mujibu wa kanuni zilizokuwapo. Hakuna kifungu ilichokivunja. Walakini kiongozi anayejua kwamba walio wengi hawakumchagua, tena katika nchi ambayo miaka miwili tu nyuma watu wake walichinjana siku ya kura, amekabidhiwa amana nzito kuliko ya mshindi wa kawaida, na busara ingemwelekeza kuwafungulia mlango walioshindwa kabla hawajaanza kuusukuma. Yapo maneno yaliyosemwa wakati ule juu ya serikali ya pamoja, na hayakufika popote. Uhuru ukaja tarehe 10 Desemba 1963. Mwanzoni mwa Januari serikali ikakipiga marufuku chama cha Umma cha Abdulrahman Babu, na tarehe 12 Januari 1964, siku ya 33 tangu bendera mpya kupandishwa, mapinduzi yakaiangusha. Kuwa na sheria upande wako hakutoshi pale ambapo nusu ya nchi haioni sura yake ndani ya sheria hiyo. Wala mimi sisemi hivi ili kuhalalisha yaliyofuata, maana waliouawa katika siku zile walikuwa wengi, wengine wakiwa wanawake na watoto ambao hawakupata kukaa katika baraza la mawaziri wala kuandika gazeti, na waliowaua walikuwa raia wenzao, mara nyingine majirani wenye kujua majina yao.

Miaka iliyofuata nitaipita upesi. Kwa muda mrefu hapakuwa na uchaguzi wa wawakilishi. Mzee Abeid Amani Karume, Rais aliyeshika nchi baada ya mapinduzi, akauawa tarehe 7 Aprili 1972. Na fitina, iliyonyimwa jukwaa, ikakaa majumbani. Mfumo wa vyama vingi uliporudi mwaka 1992 watu wengi, hata wenye elimu, walishangaa kuona ramani ya kura ikifanana mno na ile ya babu zao. Lakini ugomvi uliozimwa kwa amri hauna sababu ya kufa, hungoja tu.

Uchaguzi wa Oktoba 1995 ulimpa ushindi Dakta Salmin Amour wa Chama cha Mapinduzi (CCM) kwa kura 1,565 mbele ya Maalim Seif Sharif Hamad wa chama cha CUF. Maalim Seif huyu alikuwa Waziri Kiongozi tangu 1984 hadi 1988, kisha akafukuzwa chamani, akawekwa kizuizini tangu 1989 hadi 1991. Kwa hiyo ushindani wao ulikuwa na ladha ya ugomvi wa nyumba moja, ambao aghalabu ni mkali kuliko wa majirani. CUF haikuyakubali matokeo. Jumuiya ya Madola ikamtuma mjumbe wake, Moses Anafu, akaenda na kurudi hata mwaka 1999 ukatiwa saini muafaka wa kwanza. Na uchaguzi wa mwaka 2000 ukaja bila ya yaliyoahidiwa humo kutekelezwa. Tarehe 27 Januari 2001 wafuasi wa CUF waliandamana, Wete, Micheweni, Chake Chake na mjini Unguja, na polisi wakawafyatulia risasi. Tume ya serikali ilihesabu watu 31 waliokufa, shirika la Human Rights Watch likasema si chini ya 35, na miongoni mwa waliokufa alikuwamo pia askari aliyeuawa na umati. Watu zaidi ya 2,000 wakapanda mashua na ngalawa wakavuka hadi Shimoni, pwani ya Kenya. Kwa mara ya kwanza tangu ipatikane, Tanzania, iliyozoea kuwapokea wakimbizi wa wengine, ikawa na wakimbizi wake yenyewe katika nchi ya jirani.

Muafaka wa pili ukatiwa saini tarehe 10 Oktoba 2001, na ulikuwa bora kuliko wa kwanza: wapinzani waliingizwa katika Tume ya Uchaguzi, daftari la kudumu la wapiga kura likaahidiwa, na uchunguzi wa mauaji ukafanywa. Lakini tukitazama sahihi zilizowekwa chini yake, za makatibu wakuu wa vyama viwili, Philip Mangula na Maalim Seif, tutaona pia kasoro yake: ulikuwa ni mkataba wa vyama, uliofungwa na watendaji, kwa lugha ya kamati na ratiba, na watu wa mitaani waliambiwa habari zake baadaye kama waambiwavyo bei mpya ya mafuta ya taa. Waliofunga hawakwenda kuwaomba wafuasi wao wauridhie. Mazungumzo ya tatu nayo, yaliyoanza baada ya Rais Kikwete kuliambia Bunge mwishoni mwa mwaka 2005 kwamba mpasuko wa Zanzibar wamnyima raha, yaliishia Butiama mwezi wa Machi 2008, pale Halmashauri Kuu ya CCM iliposema kwamba serikali ya mseto sharti iulizwe kwa wananchi wenyewe. Wengi tuliona ni hila ya kuahirisha. Pengine ilikuwa hivyo. Ila jambo lililokusudiwa kuwa kizuizi likageuka kuwa mlango, kama tutakavyoona.

Tarehe 5 Novemba 2009 Maalim Seif aliingia Ikulu ya Zanzibar akakaa na Rais Amani Abeid Karume, pasipo mjumbe wa Jumuiya ya Madola. Siku mbili baadaye akasimama mbele ya wafuasi wake katika uwanja wa Kibanda Maiti, akawaambia kwamba chama chao sasa kinamtambua Karume kuwa Rais wa Zanzibar. Watu hawa walikuwa wamekaa miaka minne wakiambiwa kwamba mtu huyu si rais. Miongoni mwao walikuwamo waliofiwa mwaka 2001, waliopoteza kazi, waliopigwa na vikosi, waliokimbia Shimoni na kurudi. Uwanja ukanguruma. Waliompenda kuliko mtu yeyote hai wakapaza sauti kumkataza asiendelee, na mkutano ukamshinda kuutuliza.

Nalitazama tukio hilo kuwa ndiyo saa ya uongozi wa juu kabisa katika historia ya siasa za visiwa hivi, na nasema hivyo nikijua kwamba wapo watakaonipinga. Kumkabili polisi kwahitaji ujasiri wa mwili, na ujasiri huo Zanzibar haikuukosa hata siku moja. Kuwakabili wanaokupigia makofi, ukawanyima lile neno ambalo makofi hayo yanaliomba, kwahitaji ujasiri wa nafsi, ambao ni adimu, kwa kuwa kiongozi wa umma huishi kwa sauti za watu kama samaki aishivyo kwa maji. Karume naye alikuwa na Kibanda Maiti yake, ila yeye ilikuwa ndani ya vikao: wahafidhina wa chama chake waliona kwamba mtoto wa mwasisi wa mapinduzi anagawa bure kilichopatikana kwa damu. Hakubadili neno lake. Aliwapa ahadi hasimu zake na akaitimiza kwa gharama ya mapenzi ya rafiki zake.

Kisha ikaja zamu ya raia, na hapa ndipo lile sharti la Butiama lilipofanya kazi ambayo huenda waliolitia hawakuikusudia. Baraza la Wawakilishi lilipitisha Januari 2010 hoja iliyoletwa na kiongozi wa upinzani barazani, Abubakar Khamis Bakary, na kamati ya wajumbe wa pande zote mbili ikaundwa. Kura ya maoni ikapigwa tarehe 31 Julai 2010. Asilimia 66.4 wakasema ndiyo. Asilimia 33.6 wakasema hapana, na naomba msomaji asiwapuuze hawa, maana nao walitimiza dhima yao: walikataa kwa kura, hawakukataa kwa mawe, na kesho yake wakaenda sokoni Darajani pamoja na waliowashinda. Katiba ikarekebishwa mwezi uliofuata, ikaamriwa kwamba chama kitakachoshika nafasi ya pili kitoe Makamu wa Kwanza wa Rais. Uchaguzi wa Oktoba ukafuata, Dakta Ali Mohamed Shein akapata asilimia 50.1, Maalim Seif asilimia 49.1, tofauti ya kura 3,471. Kwa tofauti kama hiyo mwaka 1995 nchi ilipasuka. Safari hii aliyeshindwa alimpa mkono aliyeshinda, na hapana mtu aliyekimbia kwenda Shimoni.

Ni kitu gani kilichobadilika? Si watu, kwa kuwa walikuwa walewale. Si mipaka ya majimbo, ambayo iliendelea kulalamikiwa. Wala si Tume, ambayo haikuwa na sifa mpya ya kushangaza. Kilichobadilika ni kwamba raia aliulizwa, akajibu, na jibu lake likawa ni ruhusa kwa viongozi kufanya lile ambalo wafuasi wa jukwaani walikuwa wanawakataza. Kura ya maoni iliwaokoa viongozi na mashabiki wao. Tangu siku ile watu wa Pemba wakarudi kuzikana. Wenye baraza ya Jaws Corner huko Mji Mkongwe, ambao ni watu wa upinzani tangu zamani, na wenye maskani ya Kisonge pale Michenzani, ambao ni watu wa CCM, wakaendelea kupingana kila jioni kwa ndimi zao tu.

Hata hivyo jengo lile lilikuwa na ufa, na haingekuwa insafu kuuficha. Katika siku hizohizo, siku nne tu baada ya kura ya maoni ya Zanzibar, tarehe 4 Agosti 2010, Wakenya nao walipiga kura kuikubali katiba mpya, ambayo ilizaliwa na machafuko yaliyoua watu zaidi ya 1,100 baada ya uchaguzi wa Desemba 2007 na makubaliano yaliyotiwa saini na Mwai Kibaki na Raila Odinga, Kofi Annan akiwa msuluhishi. Zanzibar ilisuluhishana yenyewe, pasipo mgeni, jambo ambalo ni fahari. Kenya ilihitaji mgeni, lakini haikuishia katika kugawana vyeo, bali iliijenga upya mahakama na kuipa nguvu ya kumwuliza mshindi alivyoshinda. Wakenya waliuweka upatanisho wao ndani ya taasisi. Sisi tuliuweka vifuani mwa watu wawili.

Tofauti hiyo ilidhihirika mwaka 2015. Uchaguzi ulifanywa tarehe 25 Oktoba, waangalizi wa ndani na nje wakausifu kwa utulivu wake, matokeo ya majimbo yakawa yanatangazwa. Maalim Seif, na hili nalihesabu kuwa kosa lake, aliwaita waandishi wa habari akajitangazia ushindi kabla Tume haijamaliza kazi yake. Tarehe 28 Oktoba mwenyekiti wa Tume, Jecha Salim Jecha, akatokea katika televisheni akaufuta uchaguzi wote. Ilhali kura za Rais wa Muungano, zilizopigwa siku ileile, katika vituo vilevile, na watu walewale, zikahesabiwa kuwa halali. Uchaguzi ukarudiwa tarehe 20 Machi 2016, CUF ikasusa, Dakta Shein akapata asilimia 91.4, na kiti cha Makamu wa Kwanza kikabaki kitupu miaka minne. Kenya nayo ilifuta uchaguzi wa rais, tarehe 1 Septemba 2017. Lakini huko walifuta majaji wa Mahakama ya Juu, baada ya mawakili wa pande zote kusikizwa hadharani, kwa hukumu iliyoandikwa sababu zake, na majaji wawili waliopinga wakaandika sababu za kupinga kwao. Uchaguzi wa marudio wa Kenya nao ulisusiwa, damu nayo ilimwagika, wala sitaki kuipamba nchi ya watu. Ila raia wa Kenya angeweza kuisoma hukumu na kuijadili. Raia wa Zanzibar alipewa tangazo, na Katiba yake, katika kifungu cha 34, yaizuia mahakama kuchunguza uchaguzi wa Rais aliyekwisha kutangazwa na Tume.

Hapo ndipo ninapomrudia raia, kwa maana tusipokuwa waangalifu maneno kama dhima ya raia hugeuzwa kuwa jina jingine la utii. Siku zile za mwisho wa 2015 na mwanzo wa 2016, watu waliofunika nyuso, ambao mitaani waliitwa mazombi, walizunguka usiku wakipiga watu na kuvunja mali, na wananchi wakawa wanaambiwa wadumishe amani. Amani ya namna hiyo ni ukimya wa mtu aliyezibwa kinywa. Dhima ya raia si kunyamaza, na si kulipiza kisasi. Ni kazi ngumu iliyo baina ya hayo, ya kudai kwa jina lake na kwa uso wake ulio wazi, katika kila mahali ambapo sheria yamruhusu kusimama, na kukubali gharama yake.

Mifano ya watu wa namna hii ipo, na wawili nawataja kwa heshima. Mzee Hassan Nassor Moyo alikuwa katika serikali ya kwanza ya mapinduzi, mtu wa Afro-Shirazi tangu enzi za vyama vya wafanyakazi. Katika uzee wake aliiongoza Kamati ya Maridhiano, akaketi na watu ambao ujanani alipigana nao, na mwaka 2015 CCM, chama alichoshiriki kukiasisi, kikamfukuza. Othman Masoud Othman alikuwa Mwanasheria Mkuu wa Zanzibar. Katika Bunge Maalumu la Katiba mwaka 2014, pale ambapo wadhifa wake ulimpa kila sababu ya kujificha, alipiga kura ya wazi akavikataa baadhi ya vifungu alivyoona vyaipunguzia Zanzibar haki zake, na mwezi haukwisha akawa ameondolewa kazini. Hawa hawakuwa na majeshi wala mikutano ya hadhara. Walikuwa raia waliokuwa serikalini, wakakumbuka kwamba uraia ndio cheo chao cha kwanza. Kama katika mji wapatikana watu kumi wa namna hiyo, mmoja katika Tume, mmoja katika polisi, mmoja katika msikiti, mmoja katika chumba cha habari, mmoja katika kila maskani, faradhi ya mji hupata watu wa kuitekeleza. Na wasipopatikana, kiongozi mwema atakayetokea atakuwa kama imamu aliyesimama mbele ya safu tupu.

Wala vijana wa maskani na baraza wasidhani kwamba mazungumzo haya ni ya wakubwa. Maneno ya kuwaita wenzao kwa asili za babu zao, Waarabu, Wabara, Wapemba, yakitamkwa kila jioni kwa mzaha, ndiyo yanayopikwa hata yakaiva siku ya uchaguzi. Na kiongozi anayetaka kura huja kuyachota palepale yalipopikwa. Kijana anayelikata neno hilo katika baraza yake, mbele ya rafiki zake, amefanya kwa kadiri yake lile lililofanywa Kibanda Maiti.

Uchaguzi wa Oktoba 2020 ulikuwa mchungu. Maalim Seif, akigombea safari hii kwa chama cha ACT-Wazalendo, alikamatwa zaidi ya mara moja, wapinzani wakasema watu wao wameuawa Pemba, na Dakta Hussein Ali Mwinyi akatangazwa mshindi kwa asilimia 76 na ushei. Wengi walimtaka Maalim akatae kila kitu. Tarehe 8 Desemba akaapishwa kuwa Makamu wa Kwanza wa Rais, mara ya pili katika maisha yake, naye ana umri wa miaka 77, na kwa mara nyingine wapo wa upande wake waliomnung'unikia. Mimi mwenyewe nilikuwa na mashaka, kwa sababu kuingia serikalini baada ya uchaguzi kama ule kwaweza kuwa ni kuusafisha. Lakini nilipokumbuka vijiji vya Pemba ambavyo watu wake tangu 2016 walikuwa wameanza tena kukatana salamu, niliona kwamba yeye aliyajua yaliyokuwa yakija kuliko sisi tuliokuwa tukihesabu asilimia.

Hakukaa sana. Alifariki dunia tarehe 17 Februari 2021 katika hospitali ya Muhimbili, na Zanzibar ikatangaza siku 7 za maombolezo. Kesho yake mwili ukavushwa bahari, watu wakafurika viwanja vya Mnazi Mmoja mjini Unguja, na Rais Mwinyi, ambaye miezi minne nyuma walikuwa mahasimu wa kura, akawa pamoja nao, kabla jeneza halijapelekwa Mtambwe, Pemba, alikozaliwa mwaka 1943. Sala ya maiti haina rukuu wala sijida. Watu husimama tu, bega kwa bega, zikatolewa takbira nne, kisha huenda kuzika.